Wasifu wa Komeo, Kipa Aliyefukuzwa kwa Kumzika Mama Yangu

Ndugu waombolezaji, majirani, wachezaji, na nyinyi wageni wa mstari wa mbele. Wasifu uliomo kwenye programu mliyoshika ni mfupi kuliko huu. Ulipunguzwa na baba mdogo, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, aliyeniambia jana, "Mwanangu, msibani hatugombani." Nimemsikia. Sigombani na mtu, nasoma wasifu. Klabu imeomba mambo mawili leo: kulifunika jeneza kwa bendera yake, na Mkurugenzi wake apewe nafasi ya kuzungumza. Familia ilikaa asubuhi, jibu nimekabidhiwa mimi, na nitalitoa mwishoni. Dada mkalimani, wewe uliyekaa ubavuni kwa Mkurugenzi, mtafsirie kila kitu. Usimpunguzie hata kidogo.

Marehemu, ambaye mji mzima ulimwita Komeo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la reli, mtoto wa pekee wa fundi cherehani na mkewe. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka mitatu. Mdogo wa mama yake akambeba mgongoni, akampeleka kwake, akamlea. Huyo mdogo wa mama yake ndiye aliyenizaa mimi miaka sita baadaye. Tulikua tukilala mzungu wa nne kwenye kitanda kimoja, kichwa changu huku na chake kule, na miguu yake ilikuwa baridi mwaka mzima. Najua mkalimani anapata tabu hapo, lakini ajaribu.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu kuanzia 1968, akamaliza kidato cha nne mwaka 1978. Hesabu zilimpiga chenga. Siku moja mwalimu alimwita ubaoni, naye akasimama magoti yamekunjwa kidogo na mikono imepanuka, kana kwamba jibu litapigwa kutoka darasani na yeye alidake. Darasa zima lilicheka. Mwalimu mwenyewe alicheka, kisha akampeleka uwanjani kwa kocha.

Alijiunga na klabu mwaka 1980 na kukaa golini misimu kumi na miwili. Mwaka 1993 akawa kocha wa makipa. Kila asubuhi, kabla hajavaa glovu, alipita kuwasalimia wote: mlinzi wa geti, mama wa jikoni, wafua jezi, daktari wa timu, wachezaji mmoja mmoja. Aliuliza habari za nyumbani na alisubiri jibu. Aliyefiwa alimkuta Komeo mlangoni kabla ya ndugu zake mwenyewe.

Tarehe 14 Desemba 1991 alimwoa wifi yangu, aliyekuwa akiuza tiketi kwenye dirisha la uwanja. Msimu mzima kabla ya hapo alikuwa akipanga foleni kununua tiketi ya mechi aliyokuwa akicheza yeye mwenyewe. Wifi alivumilia wee, mwisho akamwambia, "Kaka, wewe unaingia bure." Akajibu, "Bure sikuoni." Basi, ndoa ikapatikana.

Julai 2019 klabu ilinunuliwa na wageni. Sitasema uongo mbele ya jeneza. Nyasi zikawa kijani, mabafu yakapata maji ya moto, na timu ikapanda daraja. Wageni hawa ni wachapakazi. Mkurugenzi alikuwa ofisini kabla ya jua, alikula mezani pake peke yake, na mikutano aliiendesha watu wamesimama ili isirefuke. Sikumchukia kwa hayo. Kila mtu na kwao.

Lakini alimwita kaka yangu, akamwambia kwamba salamu zake zilikuwa zinakula muda wa kazi. Komeo akamjibu, "Bosi, nikiacha kuwasalimia watadhani nimewanunia." Mkurugenzi hakucheka. Akabandika kanuni ukutani: ruhusa ya kwenda kuzika itatolewa kwa msiba wa mzazi, mwenza au mtoto tu.

Tarehe 21 Machi 2023 mama yangu alifariki. Komeo alikwenda kuomba ruhusa. Mkurugenzi alimuuliza, "Ndiye aliyekuzaa?" Wallahi, mtu mwingine angesema ndiyo na mambo yakaisha. Kaka yangu hakujua kudanganya. Akasema, "Hapana, amenilea." Akaambiwa arudi mazoezini. Alitoka ofisini mle akaja moja kwa moja nyumbani. Ni yeye aliyeingia kaburini kumpokea mama yangu, kwa mikono ileile iliyodaka mipira yenu. Siku ya pili kadi yake ilikataa kufungua geti. Mlinzi, aliyesalimiwa na Komeo kila asubuhi ya Mungu, alilia alipokuwa akimpa viatu vyake ndani ya mfuko wa plastiki. Miaka arobaini na mitatu, halafu mfuko wa plastiki! Mkurugenzi hakushuka hata ngazi.

Baada ya hapo Komeo alikaa sebuleni, redio imezimwa. Siku za mechi alikuwa akiingia chumbani na kufunga mlango. Agosti 2024 alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukalala. Daktari wa hospitali alisema ni presha. Anayo haki ya kusema hivyo, hakuwahi kufanya kazi chini ya Mkurugenzi. Mimi nasema ni nyinyi, na nitasema hivyo hadi nami nibebwe. Alifariki hospitalini asubuhi ya Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, mkewe akiwa amemshika mkono.

Baba mdogo, usinivute nguo, namalizia.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja, na mimi mdogo wake. Wengine wanaobaki mnaweza kuwaona mkigeuka nyuma. Mkurugenzi alituma wachezaji wawili tu, kwa kuwa jioni ya leo kuna mechi. Geuka, Mkurugenzi, usiogope. Ni timu nzima, na makipa wote watatu wamo. Nahodha ameniambia pale getini, "Shangazi, tulipoomba ruhusa klabuni tuliulizwa marehemu ni nani kwetu. Wote tumesema baba."

Kwa hiyo jibu la familia ni hili. Jeneza litabebwa na watoto wake, na hawataondoka hadi kaburi lifukiwe na chai inywewe, iwe mechi ipo au haipo. Bendera ikunjwe irudi garini. Mpiga picha wako aweke kamera chini. Nafasi ya kuzungumza hupati, maana kwa kanuni uliyoibandika wewe mwenyewe, hapa huna uliyefiwa naye.

Kaka yangu, pumzika kwa amani, unaistahili. Mkurugenzi, amani hiyo ni ya kwake peke yake. Wewe sijakusamehe. Mkalimani, hapo mtafsirie polepole.