Mama Julia, Aliyefunga Maji ya Zakopane

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Winfrida Christopher anakabidhi kofia yake ya kuongozea wageni baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi katika Kituo cha Ziara Ukingoni, Masasi. Jina hilo la Winfrida hapa kazini halitumiki. Sisi tunamwita Mama Julia, kwa jina la mwanawe, wageni nao wanamwita Mama Julia, na wapo walioondoka nchini wakiamini ndilo lililoandikwa kwenye pasipoti yake.

Kamati ya sherehe hii ya kumuaga imeniomba mimi, Khalidi, niandike wasifu huu kwa kuwa ndimi dereva niliyemwendesha kwa muda mrefu kuliko wote. Nadhani walisahau kwamba mimi ni Myao na yeye ni Mmakonde, na mtani hawezi kuandika habari za mtani wake bila kumchokoza. Mama Julia mwenyewe hakusahau. Alinionya kwamba nikimsifu tu mwanzo hadi mwisho, watu watadhani amefariki.

Alizaliwa Mkunya, Newala, katika familia ya wakulima wa korosho na muhogo. Wakati huo kijijini hapakuwa na bomba. Aliyetaka maji alishuka bondeni hadi kwenye chemchemi, akajaza ndoo, akapanda nayo kichwani. Mama yake alikuwa akiondoka alfajiri na kurudi jua limeshakuwa kali, na ndoo hiyo moja ndiyo iliyopika, ikaosha vyombo na kunywesha kuku. Yeye mwenyewe alianza kushuka na kidumu chake kabla hajaanza shule. Nayataja maji haya mapema kwa sababu bila hayo nisingekuwa na la kuandika.

Ukingoni aliajiriwa kama mpishi wa hosteli yetu ya Mkomaindo. Asubuhi moja mwongozaji wa ziara ya Newala aliamka na homa, wageni wameshakaa garini, na meneja anazunguka uani ameshika kichwa. Mama Julia alivua aproni, akaja kukaa kiti cha mbele pembeni yangu. Aliagizwa awaonyeshe mji wa Newala na kuwarudisha. Yeye akawapitisha hadi kwa shangazi yake Makote, wakafundishwa kubangua korosho kwa mikono, na jioni wakashuka garini vidole vyeusi, wanacheka kama watoto waliotoroka shule. Kesho yake waliomba waongozwe tena na yule mama wa jikoni. Jikoni hakurudi.

Kwa wasioijua ziara yenyewe, ni ya siku moja tu. Tunaondoka Masasi asubuhi, tunaiacha ile milima ya mawe nyuma yetu, gari linapanda kona kwa kona mpaka juu ya uwanda. Huko hewa inabadilika, na wageni walionicheka kwa kubeba koti wanaanza kuliangalia kwa upole. Tunaona soko, tunakaa na mchonga vinyago, tunasimama ukingoni mahali ambapo ardhi inakatika na bonde la Ruvuma linaonekana lote. Na lazima tusimame Mkunya, nyumbani kwa Bi. Sijaona, ndugu yake Mama Julia. Hapo kila mgeni hupewa kikombe cha maji, na anayemimina ni Mama Julia kwa mkono wake. Mgeni hunywa, akabakiza kidogo chini, na hicho kilichobaki humwagiwa mche wa mkorosho ulioko uani. Ndivyo alivyolelewa. Maji yaliyopanda mlima kichwani mwa mtu hayamwagwi ovyo.

Nimeshuhudia akimpokonya kikombe bwana mmoja mkubwa wa serikali aliyeanza kusafishia miwani yake maji ya kunywa. Alimpa kitambaa kikavu, akamwambia kwa adabu zote kwamba miwani haina kiu. Bwana yule alirudi mwaka uliofuata na familia nzima.

Basi, miaka saba iliyopita ziara ya Newala ilianza kulegalega. Wageni wengi walitaka bahari, na gari langu likawa linapanda uwanda na viti vitupu. Meneja wetu wa wakati huo, Bwana Mohamedi, alituita ofisini akasema waziwazi kwamba kinachoua ziara ni kile kituo cha Mkunya. Bomba limeshafika kijijini, alisema, habebi mtu maji siku hizi, na wageni wanakaa kwenye mkeka na kikombe wanapiga miayo. Ama itafutwe programu mpya ya kusisimua, ama msimu wa korosho ukiisha ziara ya Newala inafutwa na Mama Julia anarudi jikoni. Mama Julia hakubishana. Lakini safari iliyofuata hakuimba hata wimbo mmoja kutoka Masasi mpaka Newala, na mimi ninayemjua nikaogopa.

Hapo ndipo ulipokuja mwaliko wa Poland. Mwalimu mmoja wa jiografia kutoka Krakow, aliyewahi kupanda na sisi Newala, aliwaomba wenzake watualike mimi na Mama Julia tukaone wanavyoendesha ziara za siku moja katika mji wao wa milimani uitwao Zakopane. Bwana Mohamedi alifurahi kuliko sisi. Alitupeleka mwenyewe kupanda basi, akamwambia Mama Julia asirudi mikono mitupu, aje na programu.

Ilikuwa Januari. Sitaki kuieleza baridi ile, nitaonekana mwongo. Niseme tu kwamba nilivaa suruali mbili na bado nilimkumbuka mama yangu mzazi. Tulipanda basi Krakow pamoja na watalii wa nchi mbalimbali, na mwongozaji wetu alikuwa binti mwembamba, mchangamfu, aliyetusalimia kwa Kiingereza na kutuambia anaitwa Julia. Mama Julia alisimama palepale ndani ya basi. Kwetu mtu mwenye jina la mwanao ni mwanao, na mtoto wako huwezi kumwacha shingo wazi kwenye baridi ya namna ile. Alifungua mkoba, akatoa kanga, akamfunga binti wa watu shingoni mbele ya abiria wote. Julia alicheka mpaka machozi. Siku nzima tulifuata ile kanga kwenye msongamano, na hakupotea hata mtu mmoja.

Zakopane ni mji mzuri, lazima tukubali. Nyumba zao ni za magogo na paa za mteremko mkali ili theluji iteleze. Wanauza jibini la kondoo lililokaushwa kwa moshi, linalolia unapolitafuna. Farasi wanakokota magari yasiyo na magurudumu. Mama Julia aliuliza maswali kila kona mpaka nikamwonea huruma Julia. Theluji ndiyo iliyomtesa zaidi. Aliitazama ilivyolala juu ya paa na barabara, akasema maji yote haya na hakuna aliyetega ndoo.

Mchana tulisimama kwenye nyumba moja ya chakula pembeni ya mji. Uani palikuwa na bomba la chuma linalotiririsha maji kwenye hori la mti, farasi wanakunywa humo. Maji yalikuwa yanajaa hori, yanafurika, yanapotelea kwenye mtaro. Wenzetu waliingia ndani kwenye moto. Mama Julia alibaki. Nilimwona akilizunguka lile bomba mara mbili, akainama, akaipata koki, akaifunga vizuri kwa mikono miwili. Kisha akaja mezani, akala supu yake kwa amani ya mtu aliyetenda wema.

Tulipomaliza kula, kelele zikaanza uani. Mwenye nyumba, bibi mmoja mnene mwenye kitambaa cha maua kichwani, alikuwa amesimama mbele ya bomba lililokufa. Maji yalikuwa yameganda ndani ya chuma, hori limepiga barafu juu, na farasi wanalinusa. Kumbe kule wakati wa baridi maji huachwa yatembee makusudi, yakisimama tu yanaganda na bomba linaweza kupasuka. Jambo hilo mtoto wa Mkunya angelijulia wapi? Bibi alimgeukia Julia kwa kuwa wageni pale walikuwa wake. Hatukuelewa Kipolandi, lakini tulielewa kidole. Jirani yetu wa mezani alitunong'oneza kwamba bibi anasema hatapokea tena kundi la binti huyu.

Hakuna aliyejua nani kafunga, isipokuwa mimi na mtani wangu. Nilimtazama. Alikuwa ameshanyanyuka.

“Huyu mtoto asigombezwe,” alisema kwa Kiingereza chake cha kazini. “Ni mimi niliyefunga. Mwambie kwamba mama yangu alimaliza asubuhi nzima kwa ndoo moja. Siwezi kuona maji yanamwagika nikakaa kula.”

Julia alitafsiri. Bibi akauliza mama huyo ni wa wapi, na ndoo gani. Mama Julia akaanza kueleza, Julia akitafsiri, na watalii waliokuwa wanavaa makoti wakasimama kusikiliza. Alieleza hatua kwa hatua: njia ya kushukia bondeni, foleni kwenye chemchemi, kata ya majani kichwani chini ya ndoo, jinsi mama yake alivyokuwa akifika uani na kutua ndoo kwanza ndipo aitikie shikamoo. Bibi alisikiliza mikono kiunoni mpaka mwisho. Kisha akasema bibi yake mwenyewe alikuwa akivunja barafu ya kijito kwa shoka na kubeba ndoo mbili begani kwa mti. Akaingia jikoni, akatoka na birika la maji ya moto, akampa Mama Julia.

Tukalimwagia bomba maji ya moto, mimi nimeshika mnyororo wa farasi kwa woga. Birika la tatu liliposhuka, bomba likakohoa, likatema kipande cha barafu, maji yakaruka. Watalii walipiga makofi. Treni ya kupandia kilimani tulikuwa tumeshaikosa, na hakuna aliyelalamika. Njia nzima ya kurudi Krakow watu walikuwa wanageuka kwenye viti vyao wakimuuliza Mama Julia habari za Mkunya. Aliwajibu wote. Kisha akanisogelea, akasema kwa Kiswahili, taratibu:

“Khalidi, tumekosea wapi unajua? Tunawapa maji wakiwa wamekaa.”

Hiyo ndiyo programu aliyorudi nayo. Ziara yetu ikabadilika kitu kimoja tu. Gari likifika Mkunya, hakuna mkeka wala kikombe. Kila mgeni anapewa ndoo au kidumu kwa kadiri ya nguvu zake, anafundishwa kusokota kata, na anashuka bondeni na akina mama wa kijiji hadi chemchemi ileile. Anapanda na maji yake. Akifika uani, anatua, anakaa, na hapo ndipo Mama Julia anammiminia kikombe kutoka ndoo aliyoibeba mgeni mwenyewe.

Bwana Mohamedi alikuja kuikagua programu hiyo amevaa viatu vya ofisini. Mama Julia alimpa ndoo kama mgeni mwingine. Alipopanda tena, tai ilikuwa mfukoni na shati limelowa nusu kwa jasho na nusu kwa maji. Alikunywa kikombe kimoja, akaomba cha pili. Habari za kuifuta ziara ya Newala hatukuzisikia tena. Siku hizi ndiyo inayojaa kwanza, na kila mwaka hupokea kundi kutoka Krakow linaloletwa na Julia, kanga shingoni.

Katika utumishi wake Mama Julia amewafundisha kazi waongozaji wetu wote wa sasa, akiwemo Bi. Shakila anayerithi nafasi yake. Amewapatia akina mama wa Mkunya na Makote kazi ya kudumu ya kupika na kuongoza wageni. Kasoro zake pia nizitaje, nisije nikakatwa utani: haamini ramani, anaimba kwaya garini kwa sauti ambayo Mungu pekee ndiye anayeivumilia, na kwa miaka ishirini na tisa amekuwa akiniambia nipunguze mwendo hata gari likiwa limesimama.

Wiki iliyopita tulipanda naye ziara yake ya mwisho. Tulipofika, Bi. Sijaona alikuwa ameshatandika mkeka, akamwambia leo akae, atachotewa. Alikataa. Alichukua ndoo, na kwa magoti yale yanayomsumbua akashuka na wageni bondeni, akapanda nayo polepole, sisi sote nyuma yake tukiogopa hata kumpita. Alitua, akakaa. Ndipo tukagundua kwamba miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kummiminia yeye. Shakila alipiga goti, akammiminia kikombe kwa mikono miwili.

Mama Julia alikunywa yote. Akakigeuza kikombe, hakikubaki kitu, yeye aliyewagombeza watu wazima kwa kosa hilohilo. Alicheka huku analia, na mimi niliangalia pembeni. Kisha akaomba kingine, akanywa, akabakiza, akainuka kwenda kuumwagia mkorosho. Ule si mche tena tangu zamani. Ni mti mkubwa, unatia kivuli uani kote, na umekuzwa kwa mabaki ya vikombe vya wageni wa Mama Julia.

Korosho zilizoko kwenye sahani mbele yenu leo zimetoka kwenye mti huo. Kuleni taratibu.

Mama Julia, asante kwa yote, kwa niaba ya Ukingoni nzima. Nenda ukapumzike Mkunya kwa afya na furaha, na ukae bila wasiwasi: wageni tutaendelea kuwaleta, na kabla hawajanywa, watashuka.