Mama Sekunde na Mashine ya Kumi na Tisa

Mwenzetu tunayemwita Mama Sekunde anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na tatu katika karakana ya mashine za baharini. Anaondoka na kosa moja tu kwenye faili lake. Kazi ya kumsifu nimepewa mimi, sijui aliyepanga aliwaza nini, maana anayemwonea gere kuliko wote humu ndani ni mimi.

Kwa wageni wa sherehe: sisi tunachunguza pale ambapo bara lilipasuka zamani sana, bahari ikaingia. Tunashusha mashine za kusikiliza hadi sakafu ya bahari, meli inapiga mshindo wa hewa, sauti inazama kwenye ganda la dunia, inagusa koti, yaani tabaka la mwamba mzito lililo chini yake, inarudi. Kwa muda iliotumia njiani tunajua ganda lina unene gani. Kila kitu ni saa. Ukikosea nusu sekunde, umeuhamisha mwamba zaidi ya kilomita moja, na mwenyewe huna habari.

Jina lake limetoka hapo. Mashine ikipandishwa sitahani, yeye hulinganisha kwanza saa ya mashine hiyo na ya setilaiti, ndipo huruhusu izimwe. Hata zile bendera za rangi ya machungwa zinazotuonyesha mashine ikielea, anazishona mumewe, fundi cherehani, na binti zao wawili walikuwa wakikata nyuzi kabla hawajaanza shule. Tuliajiri mmoja, tukapata nyumba nzima.

Mimi nilikuja na cheti cha miezi tisa na vidole vyepesi. Kwenye kompyuta nachora mistari mia ya sauti zilizonaswa kabla hajamaliza kuchonga penseli, na hilo hanibishii mtu. Ila nilipoona mikwaruzo mitupu, yeye aliona wimbi, akaweka alama ya kanukta, na wimbi likawa hapohapo. Wasomi wa shahada tatu walipanga foleni mezani kwake. Mimi waliniuliza sukari iko wapi.

Sasa lile kosa. Safari ya mwaka juzi, mashine ya kumi na tisa ilizimwa kabla saa yake haijapimwa. Mkuu wa zamu alikuwa yeye, akatia sahihi kwenye fomu ya kosa. Karakana ikapata wimbo: "Kumbe hata Mama Sekunde husinzia!" Alicheka nao, halafu akakaa wiki tatu na rula, akifuata ile sauti ya mshindo iliyopita moja kwa moja majini bila kuzama kwenye ganda, mpaka akajua saa ilikuwa imechelewa kiasi gani. Mashine hiyohiyo ndiyo iliyotuonyesha mahali ganda la bara linapokwisha na koti kupanda juu. Ramani inayopigwa picha ukumbini leo imesimama juu ya wiki zile tatu.

Aliyeizima ni mimi. Nilitaka aone nilivyo mwepesi. Aliona, akasema tu, "Mwanangu, kidole chako kinafika kabla yako." Nikaliacha kosa lisomeke kwa jina lake. Tena niseme yote: walipomcheka, nilisikia raha. Nikajiambia, haya, leo tumelingana. Miaka miwili nimesubiri ile raha irudi, haikurudi.

Rasimu ya ofisi ilisema: mashine 611, kosa moja. Nimefuta. Andikeni: mashine 611, kosa hakuna. Jana nimetia sahihi yangu kwenye fomu ya mwaka juzi, na mkuu wa karakana, bila hata kunionyesha kiti, ameniondoa kwenye safari ya Agosti.

Asante, mama, kwa kunibebea mzigo ambao hukuambiwa uubebe. Karakana nzima inakuombea miguu mikavu, usingizi mnono, na mzee wako akushonee sasa kitu kisicho bendera. Mimi gere yangu haijaisha. Wewe unaondoka safi, na mimi ndiyo kwanza faili langu limeanza, ukurasa wa kwanza kosa.