Sifuri za Ng'ambo ya Kinamasi

Benchi langu la kahawa liko pale barabara inapokata kona kukikwepa kinamasi. Ukikaa hapo una mtaro mgongoni na maji mbele ya macho, na kushoto yupo muuza samaki ambaye tangu asubuhi anatupa matumbo majini. Ndege wanaijua ratiba yake kuliko wateja wake. Korongo, yangeyange, kwarara, wote wamejipanga ukingoni kama wanasubiri mshahara. Ng'ambo ni matete tu, marefu, yameshonana, na huko hakuna anayeuza chochote. Wenyeji wa benchi ni watatu. Fundi Saa, ambaye saa yake mwenyewe imesimama. Kocha, ambaye hajawahi kuwa na timu. Na Karani, mstaafu, anayekunywa kikombe kimoja asubuhi nzima huku amekalia nafasi ya watu wawili.

Watatu hao ndio wanaohesabu ndege. Ofisi inayoshughulikia ndege iliomba watu wa kujitolea, ikawapa darubini moja na kofia tatu, na tangu siku hiyo hawashikiki kwa maringo. Kila mwisho wa mwezi wanahesabu wa huku na wa ng'ambo, wanatuma idadi kwa simu. Anayezipokea na kuzichambua ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, ameajiriwa hukohuko ofisini.

Siku hiyo alikuja na kompyuta yake, akaitua juu ya sanduku la vikombe, akawaonyesha mchoro. Mstari wa huku ulikuwa unapanda kama moshi. Wa ng'ambo umelala chini, haujawahi kuinua kichwa. Sifuri, sifuri, sifuri. Akaeleza kwamba baraza linataka kuifukia ng'ambo, pawe maegesho ya malori, na kesho yake ofisi inatakiwa kutoa maoni. Mkubwa wake alikuwa ameshaona hizo sifuri na kuridhika nazo: mahali pasipo ndege, pafukiwe. Jina la chini ya uchambuzi ni la mjukuu wangu.

— Sitaki kuweka jina kwenye kitu nisichokielewa, alisema. Matete kama yale ndege wanayatafuta ili watage humo. Kwa nini hayupo hata mmoja?

Hapo ndipo alipowachokoza. Fundi Saa alisema ndege wa siku hizi wameshakuwa watu wa mjini, kimya kinawatisha. Kocha akasema hapana, maji ya ng'ambo ni mazito, ndege akitua miguu inanasa, na mwenzake akiliona hilo anakwenda kuwaambia wengine. Tulipomuuliza amejuaje, alisema mambo mengine mtu anayajua tu. Karani akakohoa, maana bila kukohoa hasemi. Kwa maoni yake, huku ni kazini kwa ndege na ng'ambo ni nyumbani kwao, na sisi tunawahesabu wakati wa saa za kazi, kwa hiyo nyumba lazima iwe tupu. Mjukuu akalitafakari hilo kidogo, nikaona Kocha ameumia. Kocha huyo akaja na jipya: ni harufu ya kahawa ya Bibi. Ndege wamenogewa, hawabanduki.

Nikamwambia basi ndege wana ulimi mzuri kuliko yeye, anayeomba kila siku nimwongezee maji ya moto.

Walicheka. Mjukuu hakucheka.

— Babu zangu, sifuri ni neno zito. Ukiniandikia sifuri, umeniambia ulifika, ukatazama, hukuona kitu.

— Tulitazama, alisema Fundi Saa.

— Tena kwa darubini, akasema Kocha.

— Ndege hakuonekana, Karani akamalizia. Asiyeonekana ulitaka tumwandikeje?

Nikaitazama ile darubini shingoni mwa Kocha, kisha nikayatazama matete. Siku zote nawaona wakihesabu wa huku, kikombe mkononi. Wa ng'ambo nilidhani wanakwenda kuwahesabu siku ambazo sijafungua.

Likasimama lori. Dereva akashuka, vumbi mpaka kwenye nyusi, akatusalimu vizuri, akanywa kahawa amesimama. Alisema ametangulizwa kuangalia barabara. Karatasi ikishasainiwa, udongo unaanza kuja.

— Wazee wangu, ng'ambo kule napitia wapi?

Kocha akaonyesha kulia. Fundi Saa, wakati uleule, akaonyesha kushoto. Wakatazamana. Karani akachungulia ndani ya kikombe chake kama njia iko humo. Kocha akasema njia ipo, haiwezi kukosa kuwepo, labda nyasi zimeifunika.

Dereva hakuwa na ubaya wowote. Alitaka kujua tu.

— Sasa nyinyi mkienda, mnapitia wapi?

Muuza samaki akatupa matumbo, ndege wote wakarukia, na hata hao hakuna aliyewatazama. Dereva akasubiri, akashukuru, akaenda kuuliza mbele.

Mjukuu hakuwagombeza. Ningekuwa mimi ningewagombeza. Aliivuta kompyuta, akazifuta sifuri moja baada ya nyingine, na kila alipofuta, ule mstari uliolala ukawa unakatika, mpaka ng'ambo pakabaki peupe.

— Huu ndio ukweli wetu, alisema. Hatujui. Kesho nikiwaambia hivi watanicheka.

— Mpaka kesho bado kuna leo, nikasema.

Kocha, kwa mazoea yake, akanyoosha kikombe. Birika lilikuwa nusu. Nikalifunika.

— Kahawa imekwisha.

Mvuke ulikuwa unatoka mdomoni mwa birika, kila mtu anauona. Kocha akaivua darubini, akampa mjukuu. Karani aliutazama ule mvuke. Kisha akaweka kikombe chini, akageukia majini, akainama, akaanza kukunja suruali.