Jani la Gimbi: Safari ya Mama Eufrocina kutoka Basey hadi Lucban

Kwa niaba ya watoto, wajukuu, na ndugu wa Basey waliovuka bahari kuja kulia pamoja nasi, mimi mkwe wake, Crisanto, nimepewa heshima ya kuwasomea safari ya mama yetu, na mke wangu amenionya nisimkweze kupita kiasi, kwa kuwa marehemu alichukia sifa za bure kama alivyochukia wali uliopikwa kwa haraka.

Mama yetu Eufrocina Cabuenas Abcede, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Magimbi, alizaliwa tarehe 3 Agosti 1946 huko Basey, kisiwani Samar, mtoto wa pili wa mfuma mikeka, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia mwaka 1953 hadi 1959, akaingia sekondari lakini baba yake akafariki, basi akarudi nyumbani kukaa na mama yake na kufuma. Mwaka 1965 alikuja hapa Lucban kwa shangazi yake, akaajiriwa katika mgahawa ulio karibu na soko, akawa anapika zile tambi tunazozila bila uma juu ya jani la mgomba, na kazi hiyo hakuiacha mpaka alipostaafu mwaka 2004.

Tarehe 8 Februari 1969 alifunga ndoa na marehemu Leoncio Abcede, seremala wa mtaa wetu, na Mungu akawajalia watoto wawili, Milagros, ambaye ni mke wangu, na Rodelio.

Mwaka huo huo wa ndoa, zamu ya kupitiwa na maandamano ya Mtakatifu Isidro ilikuwa ya mtaa wetu, na mnajua maana yake, kila nyumba ilikuwa ikipika kiping, yale mapambo ya mchele yenye umbo la jani, kupaka uji wa mchele juu ya majani, kuuweka kwenye mvuke, kuubandua na kuupaka rangi, ili tarehe 15 Mei madirisha yote yawe yamechanua. Mama mkwe wake alimtuma bi harusi akachume majani, naye, badala ya majani ya kahawa, akachuma ya magimbi, kwa sababu yalikuwa mapana na mazuri, na kwao Basey hakuna mboga inayoyashinda yakiungwa kwa tui. Kweli ilipendeza, nyumba nzima ilipendeza, ila sikukuu ilipokwisha na kiping zikashushwa na kukaangwa, wageni waliozila walianza kujikuna ndimi, kwa kuwa gimbi lisiloiva huwasha, mmoja baada ya mwingine, na padri akamaliza mtungi wa maji.

“Mwanangu,” mama mkwe wake alimwambia huku akikohoa, “ulitaka kuniua mbele ya mtakatifu?”

Jirani yetu Bi Consorcia, ambaye yuko hapa kiti cha mbele na ameniruhusu kulisema hili, ndiye aliyepiga kelele kutoka dirishani, “Mwacheni Mama Magimbi, wa Samar hao, koo zao za chuma!” Jina likanasa. Mama alicheka pamoja nao, lakini usiku ule alimuuliza mumewe, “Hivi mtu aliyekuja, huwa mgeni mpaka lini?” Swali hilo alilibeba maisha yake yote, sisi wanawe tulilisikia mara nyingi, akilitania, na hakuwa anatania.

Hakukimbia jiko. Alimfuata Bi Consorcia, akamwomba amfundishe, na tangu hapo kila kiping ya kwanza ilionjwa na huyo huyo kabla ya kupakwa rangi. Miaka ilipopita ua wake ukawa ndio jiko la mtaa, na kila bi harusi aliyetoka mbali aliitwa huko, akapewa jani na maneno yale yale, “Kosea hapa kwangu, mwenzangu, usikosee kwa mama mkwe.” Oh, tutaukumbuka ule moshi, zile rangi vidoleni, na kelele zao!

Mwaka 2009 alifiwa na mumewe. Kisukari kilimwanza mwaka 2015, figo zikachoka mwaka jana, akatibiwa mjini Lucena, na asubuhi ya Jumatano, tarehe 12 Aprili 2023, alifariki nyumbani kwake, mwezi mmoja kabla ya zamu ya mtaa wetu kurudi, zamu aliyokuwa akiingojea kwa hamu.

Siku ya pili ya matanga alifika kaka yake, Mjomba Policarpo, na mkeka mpya wa Basey begani, akasema kwa upole kwamba amekuja kumchukua akazikwe Basey, kwa kuwa mkataa kwao ni mtumwa. Sisi tulijua ana haki. Bi Consorcia hakukubali. Alimshika mkono mzee wa watu, akamtoa nje hadi barabarani, akamwambia, “Inua macho, shemeji.”

Madirisha yote ya mtaa, kuanzia kwetu hadi kona, yalikuwa yamening'inizwa kiping kabla ya sikukuu, na zote zilikuwa na umbo la jani la aina moja, la gimbi, majani yaliyochumwa nyuma ya jiko la marehemu.

“Mgeni hatumfanyii hivi,” alisema Bi Consorcia. “Huyu mkimchukua, mtakuwa mmetuibia.”

Mjomba alitazama dirisha moja baada ya jingine, akalia, kisha akauliza kama zinalika.

“Thubutu!” akajibiwa.

Akaingia ndani, akautandika mkeka wake chini ya dada yake, na hakuzungumzia tena safari.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake wa mgahawani, na majirani, ambao shukrani zetu kwao hazitoshi.

Mama Magimbi, swali lako limejibiwa. Umelala kwenu, pumzika kwa amani.