Historia ya Marehemu Elisaria Ndekirwa Swai, Aliyekataa Kutia Sahihi Kambi Chafu

Baba Mchungaji, wazee wangu, ndugu, majirani, na ninyi wapagazi mlioshuka mlimani jana na kuja moja kwa moja hapa msibani, familia ya marehemu mzee Ndekirwa Swai imenituma mimi, Godlove, niwasomee maisha ya kaka yangu Elisaria, nami nitayasoma kama yalivyokuwa, maana yeye mwenyewe hakupenda jambo lipakwe rangi.

Elisaria alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 hapa hapa Wari, Machame, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa mzee Ndekirwa na mama Margareta, akabatizwa Pasaka ya mwaka huohuo. Alisoma kuanzia Januari 1957 hadi alipomaliza darasa la nane Desemba 1964, akifanya vizuri sana katika hesabu, lakini nafasi za sekondari zilikuwa chache, akarudi kihambani kupalilia kahawa na kukatia ng'ombe majani.

Juni 1968 alipanda mlima kwa mara ya kwanza akiwa mpagazi, mwaka 1979 akawa mpishi wa misafara, na kuanzia 1988, kampuni za watu binafsi zilipoanza kuongezeka mjini Moshi na bei ya kahawa ikizidi kuanguka, akawa msimamizi wa wapagazi, akiaminiwa hasa na misafara ya watafiti, kwa sababu hakuwahi kupoteza chombo wala mtu.

Tarehe 28 Desemba 1974 alifunga ndoa na Anaeli, aliyekaa hapa mbele yenu, wakajaliwa watoto wanne, Hellen mwaka 1976, Tito 1979, Beatrice 1983 na Eliona 1987, pamoja na wajukuu watatu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi wenu mmelisikia nusunusu. Tarehe 20 Januari 1997 Elisaria alipandisha msafara wa watafiti kutoka ng'ambo, ambao kiongozi wao familia imeona isimtaje jina, waliokuja kuchimba barafu ya kileleni ili wajue imekaa miaka mingapi na inaisha kwa kasi gani. Walipanda na wapagazi tisini, jenereta, mapipa ya mafuta, na betri kumi na moja kubwa kama za malori, wakakaa juu majuma matano. Kazi ilipokwisha, vipande vya barafu walivyochimba vilifungwa kwenye masanduku yasiyopitisha joto na kuteremshwa mbiombio kama mgonjwa mahututi, lakini betri zote, mapipa yaliyokuwa yakivuja na uchafu wa choo cha watu wote wale, waliamua vibaki kulekule, kwa kuwa kuvishusha kungewachelewesha siku tatu.

Elisaria alimfuata kiongozi hemani kwake, akamweleza kwamba mafuta yale yataingia kwenye maji, na chini ya mlima kuna watu wanaokunywa. Yule bwana, aliyejua Kiswahili cha kutosha, alimjibu bila ukali, akiendelea kufunga begi lake.

"Usijali, mzee. Barafu itavifunika."

"Mmekuja kupima barafu inavyoisha," Elisaria akamwambia. "Itafunika nini?"

Alipewa fomu ya kuthibitisha kwamba kambi imesafishwa, akaisoma yote, akairudisha bila sahihi, na msimamizi mwingine akatia sahihi badala yake. Tangu siku hiyo jina lake likapita kwenye kampuni zote kuwa ni mkorofi, na kwa miezi kumi na minne hakuna aliyempa kazi ya usimamizi.

Aliandika barua. Aliandika ya kwanza tarehe 3 Machi 1997, akaipeleka mwenyewe ofisi moja mjini, akaambiwa arudi Jumatatu, Jumatatu akaambiwa mhusika yuko semina, na juma lililofuata akaambiwa faili halionekani. Aliandika nane kwa jumla, akieleza kila mara jambo lilelile, kwamba mizigo ya watafiti ipimwe kwenye mizani getini wakati wa kupanda na wakati wa kushuka, kwamba watumie sola badala ya jenereta, na kwamba wanaotaka barafu ileile wagawane iliyokwisha kuchimbwa, badala ya kila chuo kuja kutoboa tundu lake. Hakuna hata moja iliyojibiwa.

Kwa hiyo alirudi kuwa mpagazi wa kawaida, mtu wa miaka arobaini na tisa, akichagua misafara ya watalii waliotaka kulala karibu na barafu, na siku ya kushuka, chakula kikiwa kimeliwa na mzigo umepungua, alijitwisha betri moja. Kati ya 1998 na 2000 alishusha saba. Akidhani kwamba ugumu umekwisha, alizungusha betri zile mjini, akakuta hakuna ofisi iliyokubali kuzipokea bila karatasi ya yule aliyezipandisha, na fundi mmoja wa Majengo alipojitolea kuzichukua, alikiri kwamba maji ya betri angeyamwaga mtaroni. Elisaria akazirudisha nyumbani, akazipanga stoo ya kahawa juu ya mabati.

"Baba Hellen, taka za wazungu sasa zinalala na sisi," shemeji Anaeli alimwambia, akiwa amechoka kweli.

"Bora zilale mahali ninapoziona," akamjibu.

Agosti 2001 alikuja hapa nyumbani mtafiti Mtanzania, Dokta Evelyn Tarimo, mzaliwa wa Mkuu, Rombo, akamwamkia shikamoo, akakaa kwenye kigoda na kumwuliza afanyeje ili ashuke na kila alichopanda nacho. Walipanga kwa siku mbili. Septemba walipanda na wapagazi ishirini na wanane tu, sola nne, hakuna jenereta, vyoo vya ndoo zenye vifuniko, na waliposhuka mizani ilionyesha kwamba hakuna kilichobaki juu. Elisaria alirudi akiimba, jambo ambalo mkewe anasema hakulisikia tangu harusi yao. Aliamini sasa itakuwa sheria. Dokta Evelyn naye akaandika ripoti, ripoti ikapokelewa, ikasifiwa, na Februari 2003 msafara mwingine ukapanda na jenereta mbili.

Nadhani hilo lilimuumiza kuliko kunyimwa kazi. Alikuwa amezoea kuambiwa haiwezekani, lakini sasa alikuwa ameonyesha kwamba inawezekana, na bado ikawa kama hakuna aliyeona.

Mwishoni mwa 2004 alianza kukohoa na kuishiwa pumzi, akatibiwa Machame, kisha akalazwa hospitali ya rufaa Moshi tarehe 11 Julai 2005, madaktari wakagundua mapafu na moyo vimedhoofika sana. Kila nilipoingia wodini aliniuliza kama kuna barua, nami nilimwambia bado. Alifariki Jumanne tarehe 9 Agosti 2005, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliokesha nasi na kuleta kuni, maziwa na ndizi, usharika, Dokta Evelyn aliyesafiri kuja, na zaidi ninyi wapagazi wenzake, ambao jana, kabla hata ya kunawa, mliweka uani betri nne zilizokuwa zimebaki kule juu. Zote kumi na moja sasa ziko stoo, na bado hatujui tuzipeleke wapi.

Juzi iliingia barua yenye jina lake, kutoka ofisi ileile ya mjini. Inamwomba awasilishe upya nakala ya barua yake ya kwanza, kwa kuwa ya awali haikuonekana. Jumatatu Hellen ataipeleka nakala hiyo, nami nitamsindikiza, na tutakaa pale ofisini mpaka ipokelewe.

Kaka yangu, umeshusha mzigo wako. Pumzika kwa amani, uliobaki tutaubeba sisi.