Yai la Kumenywa Polepole

Vuteni viti, wanangu, mkae karibu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Na mke wa mdogo wenu asibaki jikoni. Aingie, haya yanamhusu.

Siku ile daktari aliposema moyo wangu umechoka, nyinyi mlisikia moyo, mkasikia na mayai, mkainuka na huzuni zenu kabla hajamaliza. Mimi nilibaki, akaniambia nipunguze chumvi, niache vya kukaanga, ila yai la kuchemsha, kwa kiasi, kwangu halina neno. Nilipofika nyumbani mlikuwa mmekwisha kuleta matenga, mkauza kuku wangu wote ili nisitamani. Nilisema, nani alinisikia? Mkubwa wenu akanipigia simu, “Mama, yai ni sumu!” Nikamjibu, “Sumu hiyo ndiyo iliyokusomesha.” Akacheka, akakata simu, ua likabaki kimya. Aliyezoea kuamshwa na jogoo, wanangu, kimya humwamsha mapema zaidi.

Huyu binti, mke wa mdogo wenu, alificha tetea mmoja kwake. Kila asubuhi aliniletea yai la moto, amelifunga kwenye leso. Angeweza kulimenya huko huko jikoni. Alilimenya hapa kitandani, kipande kidogo kidogo, apate sababu ya kukaa. Nilijua, naye alijua kwamba najua, tukazungumza mpaka ganda likaisha. Nyinyi mlinitumia dawa, nashukuru sana. Lakini dawa haina masikio.

Nikiondoka, najua litakalosemwa: mkwe kammaliza mama kwa mayai. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Ikateni kamba hiyo leo, mbele ya macho yangu. Moyo huu umechoka kwa kazi yake, si kwa mkono wa mtu, na atakayemnyooshea huyu kidole ameninyooshea mimi kaburini. Nyumba gaweni kama alivyosema baba yenu, bila kelele. Banda la kuku ni la huyu mkwe wangu.

Subirini… nipumue kwanza.

Mkishanizika, msitawanyike siku hiyo hiyo. Chemsheni mayai, mkae chini, kila mtu ammenyee mwenzake. Mungu awape afya, awape na watoto wasio na haraka.

Mkwe wangu, lete la leo. Kula sitaweza… wewe menya tu, mwanangu.

Polepole.