Bonde Nililolifukia kwenye Ramani

Sogeeni, wanangu, Munir na wewe Nasiha, zimeni hiyo feni nisikike, maana pumzi yangu ni fupi na jambo hili, ijapokuwa limekwisha salama, nataka mlisikie kwa mdomo wangu.

Mwajua nilikuwa mpima ardhi hapa Voi, na miaka ya mwisho nikawa natengeneza ramani za kompyuta za kuonyesha maji ya mvua yatapita wapi. Ramani hizo hutoka kwa setilaiti zikiwa na makosa: zina mashimo yasiyokuwapo, na tuta la barabara huonekana ukuta mtupu kwa kuwa kalvati, zile njia za maji zilizo chini yake, hazionekani kutoka juu. Kazi yangu ilikuwa kufukia mashimo ya uongo na kuyafungulia maji njia. Basi kulikuwa na shimo moja nyuma ya tuta, na mwenzangu Thadeus, wa kule Wundanyi, akaniambia, "Mzee Bwanaheri, hilo usilifukie. Ni bonde kweli, watu wamejenga mle. Twende tukaone."

Nikamjibu kwa kiburi kwamba sifundishwi kazi na mtu niliyemfundisha mimi. Nikalifukia bila kuinuka kitini, ramani ikasema pale ni pakavu. Mvua ilipokuja, nyumba kumi na moja zilijaa maji hadi madirishani, na Mama Kavinya, mkazi wa pale, akatolewa juu ya paa akiwa na mjukuu mgongoni. Hakufa mtu, lakini Thadeus hakunisemesha tena, nami nikajifanya nimemkasirikia, kumbe nilikuwa naona haya. Miaka tisa.

Mwaka jana, Nasiha, ulipopewa kazi ya kuitengeneza upya ramani ile, nilikutuma kwa Thadeus. Mkalitembea tuta zima kwa miguu, mkapima kila kalvati, na bonde mkaliacha lilivyo. Watu wakahamishwa mapema. Novemba maji yakaja, yakasimama palepale mlipochora, na ndani hamkuwa na mtu. Thadeus akanipigia simu: "Mzee, wote wako salama." Nililia, wanangu, na tangu siku hiyo nalala usingizi.

Nyumba gawaneni kama sheria yetu isemavyo, msibishane. Darubini yangu ya kupimia mpeni Thadeus, na siku ya maziko aketi na jamaa. Nasiha, usitie saini mahali ambapo hujapakanyaga. Munir... niinue kidogo. Hapo. Mwenyezi Mungu awaweke... awaweke pamoja. Radhi zangu mnazo. Nyote... mnazo.